Safari ya Butiama hadi Mwisenge: Nafasi moja ya shule ilivyoibadili nchi

Basi la Mwanza kwenda Musoma likishaipita Lamadi, watoto huhamia madirisha ya kulia. Hapo Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti liko kando kabisa ya barabara kuu. Mwenye bahati huona nyani, swala, pengine na nyumbu, bila kulipa kiingilio. Kushoto, nyuma ya mashamba, Ziwa Victoria linameta.

Ni hapo mtoto anapoweza kumuuliza mzazi wake swali gumu kuliko anavyodhani. Ikiwa wanyama wako hapa, mbona watalii wote huwa tunasikia wako Arusha?

Sehemu kubwa ya Serengeti imo ndani ya Mkoa wa Mara. Lakini mtalii anayetoka Ulaya au Marekani hushukia zaidi Kilimanjaro, hulala Arusha, hukodi gari Arusha, huajiri dereva wa Arusha, kisha huja kuangalia wanyama na kurudi alikotoka. Mali iko mahali pamoja na kipato chake kingi kinabaki pengine. Mzazi akianza kumjibu mtoto swali hilo, safari ya Bunda, Butiama na Musoma inageuka kuwa somo la nchi nzima.

Bunda: pamba inaondoka, shati linarudi

Bunda ni mji wa njia panda. Barabara moja inaelekea kaskazini, kuelekea Musoma, Tarime na mpaka wa Sirari. Nyingine inakata magharibi hadi Kisorya, ambako kivuko huwapeleka watu kisiwani Ukerewe. Stendi yake haina utulivu: mama lishe na sufuria zao, vijana wa pikipiki, samaki wa kukaanga juu ya sinia, na lugha nyingi zikipishana. Husikii kabila moja. Kuna Wajita, Waikizu, Wasizaki, Wasukuma, Wakerewe, na wafanyabiashara kutoka kila upande. Wote wanapatana bei kwa Kiswahili.

Vijiji vya hapa hulima pamba. Msimu wa ununuzi ukifika, katikati ya mwaka, magunia hupangwa vituoni na wakulima hupanga foleni ya mzani. Pamba huchambuliwa, hufungwa marobota na kusafirishwa. Nyingi huuzwa nje ya nchi kabla haijawa hata uzi. Mkulima anauza pamba, kisha mtoto wake anakwenda shule na shati lililoshonwa mbali. Kazi ya kusokota, kufuma na kushona, ambayo ndiyo yenye ujira wa kila mwezi, imefanyika kwingine.

Vijiji vilivyo karibu na hifadhi vina mzigo wa ziada: tembo. Usiku mmoja kundi likiingia shambani, mahindi ya kulisha familia na pamba ya kununua madaftari hupotea pamoja. Hapo ndipo mtu wa mbali anapokosea akisema mikoa mingine imebaki nyuma kwa sababu watu wake hawajitumi.

Historia inasema vingine. Reli ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kahawa ya mlimani ikawa na njia ya kwenda bandarini, wakulima wakaunda ushirika wao, KNCU, mwaka 1933, na misheni zikajenga shule karibu karibu. Mkoa wa Kagera nao ulikuwa na kahawa na misheni. Upande wa Musoma, reli haikufika hadi leo. Kufikia Uhuru mwaka 1961, mtoto wa mteremko wa Kilimanjaro na mtoto wa kijiji cha Mara walikuwa raia wa nchi moja, lakini hawakuanza mbio kwenye mstari mmoja.

Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, tofauti hiyo si ya mifuko tu. Mkoa uliotangulia una kabila lake, na mkoa uliochelewa una lake. Pengo likiachwa, baada ya kizazi kimoja watu hawasemi tena “kule kuna shule nyingi.” Wanasema “wale wanapendelewa.” Maneno hayo yakishaingia katika nyumba, watoto huyarithi.

Butiama: mtemi, jirani na mtoto mmoja

Kutoka Bunda, basi linapita Kiabakari na kufika Makutano. Kushoto ni Musoma, kulia ni Butiama. Leo lami inafika Butiama, ambayo ni makao makuu ya wilaya. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo.

Mwitongo ni kilima chenye miamba mikubwa na miti ya kivuli. Hapo ndipo alipozaliwa Kambarage, mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya Nyang'ombe. Hapo ndipo alipozikwa mwaka 1999. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka huohuo linaeleza maisha yake, na familia nyingi hupita hapo kabla ya kwenda kuliona kaburi.

Watoto hushangazwa na kitu kimoja zaidi ya vyote: nyumba. Huyu alikuwa Rais kwa zaidi ya miaka 20, lakini kijiji chake hakikugeuzwa kuwa mji mkuu wa pili. Nyumba kubwa inayoonekana pale alijengewa na jeshi baada ya kustaafu, na aliishi humo kwa muda mfupi tu kabla ya kifo chake.

Wazanaki ni kabila dogo, na mkoa wenyewe una makabila mengi: Wakurya, Wajaluo, Wajita, Waruri, Wakwaya, Wangoreme, Waikoma na wengine. Inasimuliwa kwamba aliyemshawishi Mtemi Burito ampeleke kijana huyu shule alikuwa jirani, Mtemi Makongoro wa Ikizu, aliyevutiwa na akili yake. Mtu wa kabila la pili aliona kipaji katika nyumba ya kabila la kwanza na hakunyamaza.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alianza Shule ya Mwisenge, Musoma. Ni takriban kilomita 40 kutoka nyumbani. Alijua Kizanaki. Kiswahili ilibidi akijifunze hukohuko shuleni. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh.

Mzazi anaweza kumwachia mtoto swali hapo kaburini: je, ingekuwaje kama nafasi ile moja isingepatikana? Mtoto wa miaka 12 angebaki anachunga mbuzi, na hakuna mtu angejua kilichopotea. Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika hesabu ya taifa lolote. Hata hivyo, ndiyo njia ya kwanza ambayo pengo kati ya mikoa huuchelewesha uchumi: vipaji hugawanywa kila mahali, shule hazigawanywi hivyo. Wasichana wengi wa rika lake, katika vijiji hivyohivyo, hawakupata nafasi yoyote.

Musoma: mji wa Azimio

Musoma ni rasi iliyoingia ziwani, yenye mawe makubwa yaliyopandana, upepo wa jioni na mwalo wa Mwigobero unaonuka samaki na mafuta ya injini. Mwisenge bado ni shule ya msingi. Watoto wa sare za kawaida huingia na kutoka, wengine wakikimbia pekupeku, katika uwanja uleule.

Katika mji huu, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha uamuzi unaojulikana kama Azimio la Musoma. Mpango wa awali ulikuwa watoto wote wa umri wa shule wawe wamepata elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989. Azimio likasema huko ni mbali mno, iwe 1977. Aliyewahi kutoka Butiama kutafuta darasa sasa alikuwa kiongozi wa chama kilichotaka darasa limfuate mtoto.

Uamuzi huo haukusimama peke yake. Mwaka 1969 serikali ilikuwa imetwaa shule za misheni na kuziweka chini ya mfumo mmoja. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kuangalia mikoa, ili yenye shule nyingi isichukue zote. Walimu walipangiwa kazi mbali na kwao. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa mikoa mingine, wakala ugali meza moja na watu ambao lugha zao za nyumbani hawakuzijua.

Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo wazee wengi bado huiita UPE, ilijaza madarasa. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978. Kwa wilaya zilizokuwa nyuma, ilikuwa mara ya kwanza shule kuwa jambo la kila nyumba.

Gharama yake nayo isifichwe. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kwa haraka. Vitabu havikutosha. Mlango wa sekondari ulibaki mwembamba kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1980, kati ya kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, waliopata sekondari ya serikali hawakufika 5. Mzazi wa Kilimanjaro ambaye mtoto wake alikosa nafasi, huku mwenye alama za chini wa mkoa mwingine akichukuliwa, aliona ameonewa. Wengi walichanga wakajenga shule zao, na mikoa yenye uwezo ikatangulia tena kwa njia nyingine.

Na uchumi wenyewe uliyumba. Bei ya mafuta, vita vya Uganda vya 1978 na 1979, mashirika ya umma yaliyolegea na sera zilizombana mkulima viliiacha nchi na foleni za sukari na sabuni. Kugawa nafasi kwa haki ni jambo moja. Kuzifanya nafasi hizo zizae ajira ni jambo la pili, na hilo la pili halikufanikiwa.

Mpaka mmoja, njia mbili

Saa chache kutoka Musoma kuna mpaka wa Sirari. Ng'ambo yake, Kenya ilichagua vingine. Waraka wa serikali wa mwaka 1965, unaojulikana kama Waraka Namba 10, ulisema fedha za maendeleo ziende zaidi kwenye maeneo yatakayozalisha kwa wingi na haraka. Kwa hesabu za kiuchumi ilionekana busara. Kenya ikakua, na kwa miongo mingi kipato cha Mkenya kimekuwa juu ya kile cha Mtanzania. Lakini maeneo makavu ya kaskazini yalibaki nyuma, na fedha zilifuata pia siasa. Utafiti wa wachumi kuhusu barabara za Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika miaka isiyo ya demokrasia, wilaya za kabila la rais zilipata mara mbili ya matumizi ya barabara na mara tano ya urefu wa lami. Demokrasia ilipokuwepo, upendeleo huo ulitoweka.

Pengo likishavaa sura ya kabila, kila uchaguzi huonekana kama zamu ya kula. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Uchumi uliokuwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Ndiyo njia ya pili ya pengo kuudhuru ukuaji: barabara inayofungwa na ghasia haisafirishi chai wala maziwa ya mtu yeyote, awe wa mkoa tajiri au maskini. Wakenya wenyewe walilitambua hilo. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 zenye fedha zake, na Mfuko wa Usawazishaji kwa maeneo yaliyosahauliwa.

Je, wingi wa makabila ndio tatizo? Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilichunguza swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Alilinganisha wilaya mbili za vijijini zilizochanganyika makabila: Busia ya Kenya, na Meatu ya Tanzania, ambayo leo imo katika Mkoa wa Simiyu, jirani wa Mara. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila palikuwa na michango midogo ya shule. Meatu hapakuwa na tofauti hiyo. Mzazi alichangia dawati bila kujali ni mtoto wa nani atakayelikalia. Miguel aliona sababu katika miaka ya kujenga taifa: lugha moja, mitaala iliyofundisha utaifa, na mgawanyo wa huduma uliojaribu kuwa wa haki.

Kwa maneno ya nyumbani, makabila mengi hayazuii watu kujenga shule pamoja. Kinachozuia ni kuamini kwamba shule ikijengwa, itakuwa ya wale.

Kilichobaki

Mara ya leo, yenye watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya mwaka 2022, haijafika. Minofu ya sangara wa Musoma ilianza kwenda Ulaya kwa wingi miaka ya 1990. Viwanda vikaajiri, kisha samaki wakapungua na ajira zikapungua nazo. Dhahabu ya Tarime inajulikana duniani, wakati vijiji vingi vya mkoa bado vinachota maji visimani. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa, iliyopewa jina la Mwalimu, ilianza kujengwa akiwa bado Ikulu, ikakwama kwa miongo kadhaa na kuanza kuhudumia wagonjwa miaka ya karibuni tu. Muda wote huo, mgonjwa mahututi wa Mara alipelekwa Bugando, Mwanza, kwa barabara ileile ambayo watalii wengi hawapiti.

Kuna na pengo ambalo halihitaji bajeti ya serikali kuliona, kwa kuwa liko ndani ya nyumba. Katika baadhi ya jamii za mkoa huu, msimu wa ukeketaji huja mwezi Desemba, wakati shule zimefungwa. Wapo wasichana wanaokimbilia nyumba salama ili wasikeketwe, wasiozwe kwa ng'ombe, na waweze kurudi darasani Januari. Mzazi anayelalamika kwamba serikali imeusahau mkoa wake, huku akimpeleka shule mtoto wa kiume na kumwacha wa kike, anafanya nyumbani kile anachokilaumu Dodoma.

Ada ya shule za msingi iliondolewa tena mwaka 2002. Sekondari za kata zilisambaa kuanzia katikati ya muongo huo, na tangu mwaka 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada. Zile kilomita 40 za Kambarage zimepungua. Sasa umbali unapimwa kwa vitu vingine: kama shule ya kata ina mwalimu wa hisabati, kama maabara ina vifaa, kama mtoto anakunywa uji saa nne au anashinda njaa hadi jioni. Mengine ni kazi ya serikali, na wazazi wana haki ya kuyadai. Uji wa saa nne mara nyingi unaanza na kikao cha wazazi, debe la mahindi la kila kaya, na mtu mmoja asiyechoka kufuatilia.

Familia ikimaliza matembezi, basi la kurudi hupandwa stendi ya Bweri. Mwezi Julai, wanafunzi wanapoanza kidato cha tano, stendi hiyo hujaa matranka, ndoo na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Watoto wa Mara wamepangiwa Iringa, Tabora, Songea. Mabasi yanayoingia yanawashusha wa Moshi na Mbeya waliopangiwa Mara. Kina mama hulalamika kwamba ni mbali, kwamba baridi ya huko ni kali, kwamba mtoto hana ndugu kule.

Wana haki ya kulalamika. Mama Mugaya naye alimtoa mwanawe kwenda kusoma mahali palipokuwa na lugha ngeni. Katika basi hilo, mtoto aliyekaa kiti cha pili atakuwa wa kabila jingine, na kabla ya kufika Singida watakuwa wameshagawana mahindi ya kuchoma.